Mlango wa Fundi Atatenda

Hivi wewe, ukiota jipu, unamkemea Shetani au unakwenda kwa daktari? Usijibu haraka. Mjomba wangu angemkemea Shetani mpaka sauti imkauke, na jipu likipasuka lenyewe angetoa ushuhuda wa nusu saa.

Mjomba ni seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi Atatenda, kwa kuwa neno hilo ndilo gundi yake. Meza inayumba? Mungu atatenda. Kabati halifungi? Mungu atatenda. Kitanda cha maharusi kimevunjika siku ya tatu? Mungu atatenda, na bwana harusi naye apunguze pupa. Futi yake ya kupimia ilikatika sentimita nne za mwanzo miaka mingi iliyopita. Hakununua nyingine. Anasema hizo nne anazijazia kichwani. Siku akikumbuka, stuli inasimama.

Mwaka huu wazee wa kanisa letu walimpa kazi ya mlango mkubwa wa mbele. Ukitoka vizuri, benchi sitini za waumini ni zake pia. Benchi sitini, kwa mtu aliyeshinda miaka miwili akiunga miguu ya viti vya watu! Mkewe alianza kutembea kichwa juu.

Nilimsindikiza kununua mbao. Muuzaji ni mjane mmoja tunayemwita Mama Mbao, mwanamke wa maneno machache na viganja vigumu. Aligonga ubao kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Fundi, hizi bado mbichi. Zimeshuka juzi tu kwenye lori. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite. Miezi mitatu, ndipo uzirande."

"Miezi mitatu? Mama, mlango unazinduliwa mwezi ujao!"

"Basi chukua zile kavu kule nyuma. Ni fupi, utaunga."

"Mlango wa nyumba ya Bwana niutie viraka? Mama, imani yako ndogo."

"Imani yangu ndogo, ila kidole changu kimelowa," akajibu, akimwonyesha.

Mjomba aliweka mikono juu ya zile mbao, akaziamuru zikauke. Nikamwambia, "Mjomba, si umsikilize tu?"

"Nyamaza, mpwa wangu. Chuo kimekufundisha kusoma, hakikukufundisha kuamini."

Nikapakia mbao kwenye mkokoteni. Na hapo niseme linalonichoma. Tumezaa kizazi cha waumini wanaoita ukaidi wao imani na uzembe wao subira. Nuhu aliambiwa safina iwe na dhiraa ngapi urefu, ngapi upana, ngapi kimo. Mungu hakumwambia akadirie. Na Nuhu akapima! Sisi tunamwachia Mungu kazi ya futi, halafu mambo yakipinda tunamsingizia Ibilisi, ambaye siku hiyo huenda alikuwa kwake amelala. Kumtumaini Mungu ni pamoja na kumsikiliza mtu aliyemtuma akuonye, hata kama mtu huyo amejifunga khanga na ana vumbi la mbao puani.

Jumapili ya uzinduzi mlango uling'aa kwa vanishi. Jua la wiki tatu lilikuwa limeshaanza kuzipinda zile mbao mbichi humo ndani, lakini asubuhi ulikuwa wazi, nani angejua? Katikati ya mahubiri upepo ukaleta vumbi. Wazee wawili wakausukuma mlango kwa mabega, ukaingia kwenye fremu ukilia. Ibada ilipokwisha, haukufunguka.

Mjomba akasimama mbele. "Naona roho ya kufungwa! Kwaya, imbeni!"

Kwaya ikaimba. Mjomba akakemea. Mlango kimya. Akakemea mara ya pili, jasho likimtiririka. Ndipo sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Fundi, huyo shetani si tulimpakia wote kwenye mkokoteni?"

Alikuwa Mama Mbao. Kanisa zima likaangua kicheko.

Tukatokea dirishani. Bibi mmoja alishushwa mikononi mwa wazee kama gunia la unga, kiatu chake kikabaki ndani. Mchungaji alitoka wa mwisho, joho limechanika. Akamwambia mjomba, "Kesho asubuhi tunakaa kuhusu benchi. Uje utueleze mlango umepatwa na nini. Habari za Shetani tutazisikiliza siku nyingine."

Walipofika kizingitini kwao, mkewe akamwambia, "Ukienda kuwaambia ni pepo, baba, mimi nitasimama niwaambie ni mbao."

Asubuhi yake nilikuwapo. Wazee walikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, mjomba akasimama akifinyanga kofia. Akafungua kinywa: "Mungu ata..." Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mbao zilikuwa mbichi," akasema. "Mama Mbao aliniambia. Nilikataa kusikia."

Tangu nizaliwe sijamsikia akisema maneno mengi hivyo bila kumtaja Ibilisi. Wazee walinong'onezana, kisha mchungaji akasema, "Mlango utautengeneza upya. Na benchi zitasubiri. Siku Mama Mbao atakaposema mbao zimekauka, uanze. Aseme yeye, si wewe."

Tukaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa Mama Mbao. Mjomba alivua koti, akapanga safu ya kwanza kivulini, ya pili, ya tatu. Mama Mbao akaja, akatazama, akazisukuma kwa mguu. Zote zikaporomoka.

"Vijiti umevibananisha upande mmoja. Upepo utapita wapi, kichwani kwako?"

Nilidhani mjomba atamkemea. Akachuchumaa, akaanza kuokota.

"Nionyeshe tena, mama."

Mama Mbao akamnyang'anya ile futi iliyokatika, akaitupa kwenye lundo la maranda, akampa yake.