Aliyemtunga Mama Mkwe

Kabla ya watu kumwita Mama Tamthilia, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kupasua ukuta na mazoea ya kuwatungia wanafunzi wake michezo ya kuigiza ya siku ya wazazi. Mwaka mmojawapo, kati ya wazazi alikuwemo mwongozaji wa kituo cha televisheni. Alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akamfuata nyuma ya jukwaa.

"Mwalimu, maneno haya unayatoa wapi?"

"Kwetu. Tulikuwa wasichana sita na mashangazi wawili nyumba moja. Ukikaa kimya unalala njaa."

Mwongozaji akamwambia aandike kitu cha televisheni. Akaandika usiku na mchana, akapeleka, mswada ukarudi.

"Watu wako wanahutubia, Mwalimu. Hawaongei."

Alinuna wiki nzima. Halafu akaanza kwenda kukaa saluni bila kusukwa, na kwenye benchi la zahanati bila kuumwa, ametega sikio tu. Huko akagundua kwamba mtu mwenye hasira ya kweli hasemi amekasirika. Anauliza nani ametumia kikombe chake. Mswada wa pili ulipokelewa, ukafuatiwa na mingine, mpaka chaki akaiaga.

Mwongozaji alipostaafu, mama huyu alikabidhiwa tamthilia nzima, kuiandika na kuitayarisha. Hapo ndipo alipojua kuwa kuandika ndiko kulikokuwa raha, mengine yote ni tabu. Studio ilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati. Mvua ikidondoka kidogo tu kazi inasimama, na wote wanashika vikombe vya chai wakitazama juu kama washtakiwa wanaosubiri hukumu. Mwigizaji anatoka sebuleni Jumatatu ana ndevu, anaingia jikoni Alhamisi kidevu kimenyolewa, na katika hadithi ni dakika ile ile. Nyumbani mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, alimwambia, "Mke wangu, wewe unaishi na watu ambao hawapo."

"Angalau wao hawakoromi," alimjibu, akaendelea kuandika.

Kati ya watu hao wasiokuwapo, aliyevuma kuliko wote alikuwa mama mkwe mmoja aliyemtesa mke wa mwanawe huku akitabasamu. Aliyemwigiza alikuwa mkunga mstaafu, mjane mpole ambaye maishani mwake hajawahi kumfokea hata paka. Lakini akienda sokoni, muuza nyanya humwambia, "Mwache kwanza yule binti apumue, ndipo nikuuzie." Studio nzima ilikuwa ikicheka habari hizo, naye mkunga akicheka pamoja nao.

Asubuhi moja aliingia ofisini kwa mwandishi, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Kuna nini, dada?"

"Posa ya mwanangu imekwama. Shangazi wa binti anasema hawezi kumtoa mtoto wao aende kwa mwanamke yule. Eti kuigiza ni kuigiza, lakini jicho lile halifundishwi."

Kicheko kilimpanda mwandishi, akakimeza. Aliona macho ya mwenzake yamevimba.

"Basi nitamtubisha," alisema. "Nipe wiki mbili. Atapiga magoti, ataomba radhi, ata..."

"Ng'o! Miaka yote hii nimemlea yule mwanamke. Ukimgeuza malaika kati ya kipindi cha Jumanne na kinachofuata watu watatucheka. Sikuja uniharibie kazi. Nimekuja unisindikize, ukawaambie yule ni wako, si mimi."

Jumamosi wakaenda. Walipokewa sebuleni na baba wa binti, mtu mzito mwenye haya, pamoja na shangazi, mwanamke mfupi aliyevua miwani, akaifuta, akaivaa tena ndipo akamtazama mkunga.

Mwandishi alisafisha koo. "Kila neno mnalomsikia akilisema nimeliandika mimi. Yeye anapewa tu."

Shangazi akamgeukia. "Kumbe ni wewe! Na uso wako mzuri hivyo! Haya niambie, yule binti wa kwenye tamthilia alipotoka hospitali akakuta kitanda chake kimehamishiwa jikoni, wewe ulikuwa unafikiria nini? Mimi siku ile chakula hakikushuka."

Mwandishi, aliyezoea kubishana na mameneja bila kupepesa jicho, akababaika kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Msimwonee," mkunga akasema. "La kitanda lilikuwa wazo langu."

Mwandishi alifumba macho. Alichokuwa akikijenga kilikuwa kimebomolewa na mkunga mwenyewe. Kisha baba wa binti akaanza kutikisika mabega, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Shangazi peke yake hakucheka.

"Ulikitoa wapi kitanda hicho?"

"Nilikiona kwa macho yangu," mkunga alijibu polepole. "Nyumba niliyoitwa kuzalisha. Yule mzazi alikuwa mdogo sana. Nilimaliza kazi yangu nikaondoka, sikumwambia mama mkwe wake hata neno moja. Sijakisahau. Nilitaka watu wengine nao wakione."

Sauti ikatoka mlangoni: binti mwenyewe, mikono kiunoni. "Shangazi, mimi naolewa na mwanawe. Siolewi na televisheni."

"Wewe nyamaza, hujaitwa," alisema shangazi, lakini ukali ulikuwa umeshuka. Akamsogezea mkunga sahani ya biskuti. "Mtu aliyeumwa na jambo miaka yote hiyo hawezi kulitenda. Kula." Kisha kwa mwandishi: "Lakini yule mwanamke wako, nani alimharibu?"

Mwandishi hakuwa amewahi kujiuliza hilo.

Siku zilizofuata aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka ikapatikana sehemu inayomwonyesha mama mkwe akiwa bi harusi mgeni, katika nyumba ambayo hakuna aliyemsalimu asubuhi. Iliporushwa, barua na simu zilimiminika kituoni. Wengine walilia. Wengine walifoka kwamba wametegwa wamwonee huruma mtu mbaya, na mwandishi alisoma barua za hao kwa furaha zaidi.

Harusi ilifanyika, na mkunga alicheza mpaka viatu akavishika mkononi. Kwenye tamthilia hakubadilika. Aliendelea kutabasamu vile vile, akizidi kuwa mbaya.

Shangazi alikuwa amechukua namba ya mwandishi siku ile ya biskuti. Tangu hapo kila Jumatano asubuhi simu iliita, na malalamiko yakaanza bila salamu. Mwandishi aliweka kalamu chini akamsikiliza hadi mwisho. Mara chache alikubaliana naye. Mara nyingi alisema, "Nimekusikia, shangazi," akaandika alivyotaka.