Nilinunua pikipiki ya muundo wa zamani, Giakanja wakaniuliza kama niko na mbegu ya Friesian

Wakuu, poleni na baridi, hasa nyinyi mlio huku mlimani ambako jua hutoka kama limelazimishwa.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mama yangu yuko hai kunisuta nikiongeza chumvi. Kwa hivyo nitasema ukweli hata pale panaponiaibisha, na ni pengi.

Mimi ni graduate wa computer, naishi Skuta, hapa Nyeri. Kazi yangu ni ya online: nafundisha programu za AI kutambua vitu kwenye picha. Ni mtu wa kufikiria sana. Nikinunua soksi nasoma reviews.

Sasa pigeni picha mtu kama huyo akitafuta pikipiki.

Nilitaka kitu cha kila siku, cha kwenda town na kurudi, na wikendi niende kwetu Giakanja. Boda za kawaida, zile tunaita nduthi, sikuzipenda. Nikaona moja mjini Kutus, used lakini safi: taa ya mviringo, tangi la kijani limevimba kama yai, kiti cha kahawia kilicho flat, spoku badala ya rimu. Ukiiona unadhani ilitoka enzi za babu, kumbe ni 150cc ya juzi tu na bei yake haikuwa mbali na ya boda. Nikainunua.

Shida ilikuwa mama.

"Baba," akaniambia kwa simu. (Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Akikasirika anatumia majina yangu yote matatu.) "Baba, sikukusomesha ndio uendeshe nduthi. Ilete Jumamosi niione. Nikikataa, unairudisha. Na nisisikie umebeba mtu!"

Yule jamaa wa Kutus aliyeniuzia alikuwa amekubali kuipokea nikiirudisha wiki hiyo hiyo bila mkwaruzo. Lakini wakuu, nilikuwa nimeshaipenda. Asubuhi nilikuwa nafungua dirisha kuhakikisha bado ipo.

Jumamosi ikafika, na mvua yake. Nikavaa gumboots. Nikavaa dustcoat ndefu ya mjomba juu ya jacket ili matope yasinifikie. Nyuma ya kiti nikafunga mtungi wa maziwa wa mama, ule wa aluminium, niliokuwa nimekaa nao muda mrefu na alikuwa ameuulizia. Nikakagua breki. Nikakagua tena.

Pembeni kidogo: kwenye kilima inapanda bila kulia, na kiti hakiumizi. Ila mudguard ya mbele ni fupi. Matope yote yanakuja kwa magoti.

Nikiwa karibu na soko la Giakanja, mama mmoja akaruka barabarani akipunga mikono.

"Wee kijana! Si wewe ni wa AI?"

Moyo ukachangamka. Nikajua mama yangu amekuwa akijivunia kazi yangu kwa majirani.

"Ndio, mama, niko AI."

"Na tumekupigia tangu asubuhi! Ingia haraka, kabla haijatulia."

Nikawaza: nini hiyo haijatulia? Simu? Wifi? Labda wana kijana anayesoma online. Nikaingiza pikipiki hadi nyuma ya nyumba nikipanga jinsi ya kueleza kwa lugha rahisi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe amefungwa kwenye mti, analia kama honi ya lori. Mzee wa boma ameshika mkia ameuinua juu, ananingoja.

"Uko na mbegu ya Friesian ama ya Ayrshire?" akauliza.

Wakuu, kama hamtoki sehemu za maziwa, acha niwaeleze. Kwetu AI ni daktari anayekuja kupandisha ng'ombe bila fahali. Anakuja na pikipiki, gumboots, dustcoat na mtungi wa aluminium wenye mbegu. Hiyo maana ilikuwepo kabla yangu na kabla ya kazi yangu.

"Mzee, samahani. Mimi ni AI ya computer."

Mzee akanitazama, akamtazama ng'ombe.

"Na computer inaingilia wapi?"

Mama wa boma akacheka mpaka akashika mti. Mzee akacheka mpaka mkia ukamtoka mkononi, ukampiga usoni. Mimi nikabaki nimeshika helmet kama bakuli la sadaka.

Kisha simu ya mzee ikalia. Daktari wa kweli alikuwa amepata pancha mbali juu huko, na fundi hakuwepo. Kicheko kikaisha. Joto la ng'ombe likipita, ni kungoja wiki tatu, na wale walikuwa wameshalikosa mara moja.

"Si wewe uko na nduthi?" mama wa boma akasema. "Nenda umlete!"

Nisisikie umebeba mtu. Nilisikia sauti ya mama yangu kabisa. Nikaona tangi la kijani likirudi Kutus. Nikafikiria sababu za kukataa, na zilikuwa nyingi na nzuri. Ng'ombe akalia tena.

Nikaenda.

Daktari nilimkuta kando ya barabara, helmet yake kichwani, amepakata mtungi wake kama mtoto. Nilimleta polepole hivi kwamba alinisihi mara mbili niongeze gia.

Tulipofika langoni mwa lile boma, mama yangu alikuwa amesimama pale. Giakanja habari haihitaji bundles.

Akaita majina yangu yote matatu.

"Nilikuambia nini?"

Daktari akapita kando yetu mbio kwenda kwa ng'ombe. Mama wa boma ndiye aliyenitetea: "Mama Kariuki, mwache! Bila yeye huyu ng'ombe angetushinda tena!"

Mama yangu alikuwa anaiangalia pikipiki. Akaizunguka. Akagusa ile taa ya mviringo, akapangusa matope kwenye tangi kwa ncha ya leso.

"Hii ndiyo ulikuwa unaita nduthi?"

"Wewe ndio uliita nduthi, mum."

"Hii si nduthi. Hii ni pikipiki. Afisa wa kahawa alikuwa anakuja na kama hii tukiwa wasichana. Ikisikika tu, sisi wote barabarani, ati tunachota maji."

"Na mto ulikuwa upande ule mwingine!" mama wa boma akadakia.

Wakacheka vicheko ambavyo sijawahi kumsikia mama yangu akicheka.

Nikamvalisha helmet yangu juu ya kitambaa, daktari alipomaliza akaniazima yake. Nyumbani ni hapo chini tu, lakini mama akanigonga bega.

"Pitia sokoni. Na usiharakishe."

Funzo nililopata, wakuu: nilisoma reviews miezi mizima kuhusu engine na mafuta, na hakuna hata moja iliyosema mama yako ataitambua. Pia, ukiulizwa kijijini kama wewe ni wa AI, uliza kwanza ni ipi.

Kutus sikurudi. Ila sasa mama anataka helmet yake mwenyewe, na lazima iwe ya kahawia ifanane na kiti. Nimezunguka Nyeri yote nikakosa. Mwenye kujua duka aseme hapo chini, maana Jumapili anataka kupelekwa kanisani nayo.