Nyasi za Kanisa kwenye Mpaka wa Moto

Moto wa nyikani ulipoteketeza maghala ya pamba chini ya Bwera mwaka 1973, bwana shamba alitumwa kukikagua kijiji cha akina Blasio, kando ya mbuga. Alizunguka kutwa nzima, akauliza maji yako wapi, nani atapiga ngoma, na nani atambeba asiyeweza kutembea. Swali hilo la mwisho lilimfanya Blasio ainamishe macho. Mama yake, bibi kizee Musoki, alikuwa amepooza miguu, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho upande wa mbuga.

Blasio akajitwika kazi. Aliwasimamia watu wakalima ukanda mpana wa udongo mtupu kati ya kijiji na mbuga, wakauita mpaka wa moto. Nao, kwa kuwa walikuwa majirani wa Mpondwe, penye kituo cha mpaka wa Kongo, na walijua kwamba mpakani hakipiti kitu bila kukaguliwa, walimwita yeye Bwana Forodha. Jina lilimpendeza. Kila asubuhi aliupitia mpaka wake akiking'oa kila kijani kilichochomoza. Mabua ambayo jirani yake Yonasani aliyaweka pale aliyatupa bila kumuuliza. Muhamood, mfanyabiashara wa pamba, alipoomba kuanika mzigo wake pale kwa siku moja tu, alimkatalia mbele ya watu.

"Sasa moto nayo italipa ushuru kwako?" Muhamood akamtania, watu wakacheka.

"Itarudi kwao," Blasio akajibu, uso mkavu.

Kiangazi kilichofuata, paa la kanisa lilitakiwa kuezekwa upya. Katekista Fidèle, aliyekuwa amekimbia vita kutoka pande za Butembo, Kongo, alifika na akina mama wamejitwika matita ya nyasi. Uwanja mkavu wa kuyaanika ulikuwa mmoja tu: mpaka wa moto. Blasio akasita. Fidèle akamsogelea na kusema kwa upole:

"Papa Blasio, hii iko majani ya nyumba ya Mungu. Siku kidogo tu. Moto yenyewe itaheshimu."

Blasio, ambaye hakuwahi kukosa misa, hakuwa na mdomo wa kukataa. Matita yakapangwa kutoka ukingo hadi ukingo, nyuma kabisa ya nyumba ya Musoki.

Muhamood alipita, akasimama. Safari hii hakucheka.

"Bwana Forodha, mpaka yako imeingia magendo."

Blasio akamwambia asidharau dini za watu.

Haukupita muda, wawindaji wakawasha mbuga na upepo ukaubeba moto hadi kijijini. Ngoma ikalia. Watu wakajipanga na matawi mabichi kama walivyofundishwa, Blasio akiamuru upande wa mtoni, mbali na nyumba ya mama yake. Kila mahali moto ulipoikuta ardhi tupu ulinywea, ukafa. Akina mama walikwisha kuanza vigelegele pale mtu mmoja alipogeuka nyuma, akanyoosha kidole.

Moto ulikuwa umevuka juu ya nyasi za kanisa kama mtu apitaye darajani. Paa la Musoki lilikuwa linawaka.

Blasio alikimbia hata akapoteza viatu. Alipofika, Muhamood alikuwa amekwisha kuubomoa ukuta kwa jembe na kumtoa bikizee kwa mikono iliyoungua. Moshi ulikuwa umetangulia. Musoki hakupumua tena.

Hakuna aliyelia. Watu walisimama kama waliopigwa kichwani, wakiyatazama majivu ya matita, na kila mmoja alijua yalifikaje pale. Fidèle akamsogelea Blasio.

"Ni mapenzi ya Mungu, papa," akasema.

"Usimsingizie Mungu, mwalimu," Blasio akamjibu. "Wewe uliomba, mimi nikafungua mpaka. Mabua machache ya Yonasani niliyatupa."

Siku ya mazishi, Muhamood alikuja amefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko. Blasio alinyanyuka kwenda kumshukuru, akanyoosha mkono, na hapakuwa na mahali pa kushika.