Mbegu za Mwiritsa Juu ya Meko

Jirani yangu Pascalia wa hapa Khayega alikuwa na mti mmoja tu wa mwiritsa, alioupanda marehemu mumewe, Osundwa. Watafuta dawa waliuchubua gome kuzunguka shina lote, majani yakaanza kukauka. Hata hivyo ulizaa, na Pascalia alijua hautazaa tena.

Mbegu za mwiritsa si kama mahindi. Zikikauka, zinakufa. Alizitoa kwenye matunda, akazichanganya na vumbi la mbao lenye unyevu ndani ya kikapu, akazifunika kwa majani ya mgomba. Kabla hajazipanda, akaitwa matangani kwao Lubao.

Aliporudi, kikapu kilikuwa kitupu.

“Mama, mbegu ziko wapi?” alimwuliza mama mkwe wake.

“Nimekuokolea! Zilikuwa zinaoza. Nyinyi wa siku hizi mnalowesha mbegu kama kimea cha pombe ya busaa?”

Mama alicheka, akamwonyesha kibuyu juu ya meko. Alikuwa amezianika juani, akazipaka jivu, akazitundika penye moshi. Ndivyo anavyoweka mbegu za mahindi, na kwa mahindi hakuna anayemshinda hapa kwetu.

Pascalia alipasua moja kwa meno. Ndani ilikuwa ngumu, kahawia. Lakini alizipanda zote, akazimwagilia. Nilikuwa nikipita asubuhi namwona ameinama pale.

“Zimeota?” mama aliuliza kila jioni.

“Bado, mama.”

Kisha kisima kikakauka. Pascalia alipiga magoti chini ya mti, akapekua nyasi akitafuta mbegu zilizodondoshwa na ndege. Alipata chache, nyingine zimetobolewa na wadudu. Alizifunga kwa kitambaa chenye maji ili azipeleke kwa dada yake kule Sigalagala, kwenye kijito.

Mama alimkuta mlangoni. “Lete kwanza nizianike, zisioze njiani.”

“Hapana, mama!”

Alikuwa hajawahi kumpigia kelele. Hata mimi, huku kwangu, niliacha kulima.

“Zikikauka zinakufa,” Pascalia alisema polepole. “Zile za kwanza zilikufa.”

Mama aliutazama mti wa mwanawe, matawi matupu.

“Kwa hivyo ni mimi niliyeziua?”

Mama aliingia ndani, akarudi na maji ya kunywa yaliyobaki kwenye mtungi. Akakilowesha kile kitambaa mwenyewe. Maji mengi yakamwagika chini.