Lita Nne za Maji Hadi Unguja

Kwa miaka minane nimewaambia wageni wanaoshuka Kilimanjaro wakichechemea, "Sasa nendeni Zanzibar mkapumzike." Nilisifu mchanga, nikasifu pweza, nikasifu hata upepo. Msimu uliopita mama mmoja mgeni akaniuliza ni ufukwe gani ninaoupenda mimi mwenyewe. Nikajibu, "Ule wenye mchanga." Wapagazi walicheka kutoka kambi ya Horombo hadi getini, na wengine hawajamaliza kucheka mpaka leo. Bahari sikuwa nimewahi kuiona hata kwa mbali. Basi masika yalipokaribia na wageni wakapungua, nikaamua kwenda kuugeuza uongo wangu uwe kweli.

Kulikuwa na tatizo dogo. Safari yangu ya mwisho mlimani iliniachia mafua na kikohozi, na huku Marangu mtu wa mlima hakohoi. Kila siku ya kupanda, kiongozi wetu mkuu, Mzee Ndelilio, hutupanga mstari getini na kuuliza, "Kuna mgonjwa?" Anayekohoa huachwa, na nafasi yake huchukuliwa papo hapo na mmoja wa wanaume wanaosubiri nje, mabegi tayari mgongoni. Kwa hiyo kifua kikikubana, unatoa jibu letu la siku zote: "Vumbi tu." Nami nilikuwa na kazi Jumamosi iliyofuata, wageni kumi na wawili, kundi la mwisho kabla ya masika. Nilikuwa na siku saba za kupona, na niliamini joto la pwani litanikausha kifua kuliko dawa yoyote.

"Baba Neema, si ulale tu nikupikie mtori?" alisema mke wangu, Aikande.

"Mtori ni wa mzazi. Mimi nimejifungua nini?"

"Hayo makamasi."

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Moshi. Begi langu, nililoachiwa na mgeni mmoja Mjerumani, nililipakia kama nilivyozoea: sweta mbili, koti la mvua, soksi za sufu, kofia ya kuziba masikio. Juu yake nikaweka lita nne za maji, kwa maana hiyo ndiyo sheria ninayowasomea wageni kila asubuhi: ukijisikia vibaya, kunywa lita nne kwa siku. Kondakta alilitazama begi, akanitazama mimi.

"Kaka, unahama?"

"Mimi ni mtu wa mlimani," nilimjibu, na nilijutia majivuno hayo baadaye.

Kufika Same nilikuwa nimemaliza lita mbili. Mlimani kila jiwe ni choo, na sheria yangu haikuwahi kufikiria basi. Tulipoipita Mombo nilikuwa natokwa jasho la baridi.

"Konda, naomba kuchimba dawa."

"Tunasimama Korogwe."

"Korogwe mbali, kaka!"

"Si umesema wewe ni mtu wa mlimani? Jikaze."

Aliyeniokoa ni mama niliyekaa naye, aliyekuwa amepakata kapu la maparachichi. "Msimamishieni!" alipiga kelele. "Akilowesha kiti, mimi ndiye nitakayekaa humo mpaka Dar!" Basi likasimama, nikakimbilia kwenye mkonge huku abiria wote wakichungulia. Niliporudi walinipigia makofi, kama ninavyowapigia wageni wangu wakifika kileleni.

Siku ya pili, boti ya Unguja. Dar es Salaam ilikuwa inachemka, nami nimevaa sweta, kwa kuwa kwetu mwenye mafua havui. Nusu saa baada ya kuondoka bahari ikaanza kutunyanyua na kutushusha. Mimi niliyefika kileleni mara zisizo na hesabu nilijikuta nimekumbatia mfuko kwenye usawa wa bahari. Mhudumu wa boti, dada mwembamba mwenye hijabu ya bluu, akaja kuchutama mbele yangu.

"Pole pole, kaka. Vuta pumzi. Tazama mbali. Umetapika mara ngapi?"

Nilishtuka. Yalikuwa maneno yangu kwa wageni, neno kwa neno, na yeye kayasema vizuri zaidi.

"Sijatapika," nilisema kutoka ndani ya mfuko.

"Usinifiche. Anayeficha ndiye anayenisumbua mara mbili. Kazi yako nini?"

"Napandisha wageni mlimani."

"Nao wanakuficha?"

"Sana."

"Na wewe hufanyaje?"

Nikamkumbuka kijana mmoja wa Ulaya aliyeficha maumivu ya kichwa siku tatu, mpaka akaanza kuzungumza na mawe. Tulimshusha kwa machela huku tunakimbia, na nilimgombeza njia nzima ingawa hakuwa ananisikia. Niliona aibu. "Nimetapika mara nne," nikamwambia yule dada.

Unguja nilipanga chumba kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisikiliza kifua kwa mbali, akaniletea chai ya tangawizi na mdalasini. Siku mbili nzima nilikuwa kitandani, na bahari niliiona kupitia dirisha, kipande chenye upana wa taulo, kati ya kuta mbili.

"Wageni wangu wote nawaambia wakapande mlima wenu," alisema. "Nawasifia hiyo theluji!"

"Uliwahi kufika, Bi Zuhura?"

"Mimi? Kwa magoti haya? Hata Dar sijavuka."

Tulicheka mpaka nikashikwa na kikohozi.

"Na hicho nacho?"

"Vumbi tu."

"Vumbi?" Alinikazia macho. "Humu ndani nafagia mara tatu kwa siku!"

Siku ya mwisho nilikwenda ufukweni na kofia yangu ya sufu, nikapiga picha. Mchanga upo.

Ijumaa jioni, nyumbani Marangu. Nilikunywa glasi moja tu ya maji njia nzima. Kikohozi nilirudi nacho kizima, na Aikande akaniambia mvua imeanza tangu Jumatano na haijakatika. Nikala ule mtori wa mzazi.

Jumamosi asubuhi, getini, tukapangwa mstari kwenye mvua. Mzee Ndelilio akapita akiuliza swali lake. Kifua kilinikwaruza, na jibu letu lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona akilini yule kijana wa machela, nikamsikia yule dada wa boti. Nikanyoosha mkono.

"Kifua, Mzee. Wiki mbili sasa."

Mzee alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Akageukia nje ya geti, akamwita Aminieli, jirani yangu, aliyekuwa amesimama pale tangu alfajiri. Niliumia, sitadanganya. Nilijifunza kwamba ukweli una bei, na mara nyingi jirani ndiye anayepokea chenji.

Aminieli akanipa tabasamu la pole, akajitwika mzigo, akaingia. Walipofika kwenye kona ya kwanza nikakisikia: kikohozi kizito, cha chini kabisa ya kifua, kilichokuwa kimezuiwa tangu alfajiri.

"Aminieli!" nikapaza sauti. "Usinifiche!"

Hakugeuka. Alinyanyua mkono mmoja, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko.

"Vumbi tu, kaka!"