Salamu ya Redioni

Juzi, hapa Tunduma, nilikuwa dukani nikisubiri kupimiwa chumvi. Mjukuu mdogo wa kike wa bibi mmoja alikuwa ameganda mbele ya redio ya mwenye duka.

"Mama, twende nyumbani," bibi alimwita. Mtoto akazidi kusogeza sikio redioni.

Mara mtangazaji wa Lusaka akasalimu kwa Kibemba: "Mwapoleni!" Mtoto akapiga magoti, akapiga makofi kwa adabu, akaitikia: "Eya mukwai!"

Bibi hakugomba. Alizunguka kaunta, akainama nyuma ya redio: "Mwapoleni! Uji unapoa nyumbani."

"Eya mukwai!" Mtoto akainuka, akatangulia njiani.

Nilicheka hadi kwangu. Nikamsimulia mke wangu jinsi watoto wa siku hizi walivyo, kisha nikafungua gazeti. Baada ya kitambo, nyuma ya gazeti sauti ikasema:

"Mwapoleni! Ugali unapoa."