Swali la Tisa

Mimi ni mchapaji wa shule ya sekondari, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na anayedhani kazi hii ni kubonyezabonyeza tu aje akae kwenye kiti changu wiki moja ya mitihani. Kila mtihani wa shule unapita kwenye vidole vyangu kabla haujamfikia mwanafunzi. Nachapa, nadurufu, nabana kwa stepla, natia kwenye bahasha, napiga mhuri. Ufunguo wa ofisi nalala nao chini ya mto, mpaka mume wangu anasema siku moja ataanza kuuonea wivu.

Nina ugonjwa mmoja tu. Siwezi kutupa karatasi. Nyumbani wananiambia nina mkono wa birika, sawa, lakini karatasi ikiharibika upande mmoja, upande wa pili una kosa gani? Basi chini ya meza yangu kulikuwa na boksi la karatasi za namna hiyo, barua zilizokosewa, ratiba za zamani, matangazo ya vikao vilivyoahirishwa. Wanafunzi wakanibatiza Mama Karatasi. Wala sikujali.

Yule msichana nilimjua kwa sababu ya benchi. Nje ya dirisha langu kuna benchi la waliotolewa darasani, na yeye, mtoto wa kidato cha pili, alikuwa kama mpangaji pale. Wenzake walimwita Mbona, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyemaliza sentensi mbili bila yeye kuuliza mbona hivi, mbona si vile. Hesabu za kipindi kizima alizimaliza mwalimu akiwa bado anafuta ubao. Sasa muda uliobaki afanye nini? Anapiga soga, anachora dawati, anamsahihisha mwalimu mbele za watu. Toka nje! Anatoka.

Siku ya kwanza nilimfokea kwa kugongagonga ukuta na kisigino. Siku ya pili nikampa karatasi kumi kutoka kwenye boksi, ili mradi nipate amani. Akatulia tuli. Haikupita saa moja kichwa kikachomoza dirishani.

"Mama, zimeisha. Huna zingine?"

"Zote kumi?"

"Nimeandika upande mmoja tu, ule mweupe. Mbona upande mwingine huwa mnaandika kabla ya kunipa?"

Jamani, nilicheka mpaka nikakosea herufi. Kuanzia hapo ikawa kila Alhamisi natoa fungu lake boksini. Alichokuwa anaandika sikukielewa, mimi hesabu zilinishinda zamani. Nilichoelewa ni kwamba akiwa na karatasi hagongi ukuta.

Aliyeelewa ni mwalimu mgeni wa hesabu, binti aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu. Alipita na kikombe chake cha chai, akaokota karatasi moja iliyoanguka chini ya benchi, akasimama anaisoma hadi chai ikapoa.

"Nani amemfundisha hivi vitu?" akaniuliza.

"Hakuna. Huyu si ndiye anayetolewa nje kila siku?"

Binti yule alikasirika. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, akasema mtoto huyu anaoza kwa uchovu, aruhusiwe kusoma hesabu na kidato cha tatu, masomo mengine abaki na wenzake. Mwalimu wa taaluma akapinga. Huyo wanafunzi wanamwita Rula, kwa sababu anataka kila kitu kinyooke. Si mtu mbaya, ila ukimwonyesha kitu ambacho hakimo kwenye ratiba anatafuta kwanza aliyekosea. Mama mkuu akakata shauri kwamba Mbona afanye mtihani wa hesabu wa kidato cha tatu wa kufunga muhula. Akipata themanini, atasoma nao. Akikosa, asisikie tena habari hiyo.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Jumatano ile nilikuwa nadurufu huo mtihani wa hesabu. Mashine ikakwama, kama kawaida yake, ikatafuna karatasi tatu. Sheria ninaijua, karatasi ya mtihani ikiharibika inachanwa na kuchomwa, na nilizichoma zote tatu nyuma ya stoo kwa mkono wangu. Kesho yake asubuhi nadurufu tangazo la usafi, mashine ikakwama tena. Nikafungua ubavuni, nikavuta karatasi moja iliyokuwa imejikunja huko ndani, nyeusi tii kwa wino nusu nzima ya juu. Sikuitazama mara mbili. Nikaitupia boksini.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Mbona akapata tisini na mbili. Mwanafunzi wa kwanza wa kidato cha tatu alipata sabini na nne! Mwalimu mgeni alikuja ofisini kwangu akinirukia kama mtoto mdogo, na mimi kichwa kikavimba kana kwamba alama ni zangu. Furaha hiyo haikumaliza siku. Mchana Rula aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Karani, mtihani huu umevuja. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kupata tisini na mbili kwa kukaa kwenye benchi. Kesho kuna kikao, baba yake ameitwa. Ikithibitika, tunamfukuza shule. Utakuja kuandika muhtasari."

"Sawa, mwalimu."

"Ule mtihani ulipita kwenye mikono ya watu wawili tu. Mimi niliyeutunga, na wewe."

Alipotoka, ndipo ile karatasi nyeusi iliponijia. Nikapiga magoti chini ya meza nikamwaga boksi zima sakafuni, nikapekua karatasi moja moja, mbele na nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili. Haikuwemo. Ilikuwa imekwenda na fungu la Alhamisi. Nusu ya juu ilikuwa wino mtupu, lakini nusu ya chini je? Kulikuwa na nini kule chini? Nilijitahidi kukumbuka hadi kichwa kikauma, sikukumbuka kitu.

Jioni nilimweleza mume wangu, tukiwa jikoni, mimi nakatakata vitunguu ili nipate kisingizio cha machozi.

"Umeulizwa?" akasema.

"Bado."

"Basi nyamaza. Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Utaambiwa umeuza mtihani, utoke kwa aibu, uzee wako wote watu wanakunyooshea vidole. Kwani wewe una uhakika gani mtoto hajaiona?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Kwa sababu kweli, nilikuwa na uhakika gani? Labda aliisoma ile karatasi, akaenda nayo nyumbani, akaikariri. Labda zile karatasi nyingine zote alikuwa anachorachora tu, na binti wa chuoni na mimi tumejidanganya wenyewe. Nilimshuku, sifichi. Ilikuwa rahisi zaidi kumshuku yeye kuliko kujitazama mimi.

Kikao kilikuwa saa nne, ofisini kwa mama mkuu. Baba yake Mbona ni fundi baiskeli, alikuja na shati safi lakini grisi ya kwenye kucha haikutoka, na mikono ameificha katikati ya magoti. Mbona alisimama karibu na kabati la vikombe vya michezo, mkebe wake wa jometri kifuani. Mimi pembeni na daftari langu. Kalamu ilikuwa inaniteleza kwa jasho.

Rula alieleza, na mimi nikaandika. Kwamba alama hizo haziwezekani. Kwamba kuna mkono wa mtu. Kila alipotamka "mkono wa mtu" nilihisi macho yote yananiangukia, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Baba akaomba ruhusa ya kusema. "Mimi shule sikufika mbali, walimu wangu. Kama mwanangu ameiba, ninaondoka naye sasa hivi, akanishikie spana, na habari za shule ziishie hapa. Kama hakuiba, naomba mumwambie hivyo mbele yangu, kwa sababu tangu jana hajala."

Mwalimu mgeni alikuwa ameshika karatasi ya majibu, anaipekua. "Lakini kuna kitu sikielewi," akasema. "Alama nane alizokosa ni za swali moja. Swali la tisa. Hajakosea, ameliacha tupu kabisa. Na hilo ndilo jepesi kuliko yote. Mwizi gani anaacha swali jepesi?"

"Pengine hakupewa hilo," akasema Rula.

Mama mkuu akamgeukia Mbona. "Kwa nini hukujibu swali la tisa?"

Yule mtoto akanitazama. Mara moja tu, haraka, kisha akatazama viatu vyake.

"Sikuliweza," akasema.

Mbona! Huyu ni mtoto wa kusema hakuweza? Miaka miwili kwenye lile benchi sijawahi kumsikia akitamka neno hilo. Nikafungua faili lililokuwa mapajani kwangu, nakala halisi ya mtihani, ukurasa wa pili, nikashuka kwa kidole hadi chini kabisa, kwenye ile nusu ambayo wino haukufika. Kulikuwa na swali moja. La tisa.

Sijui kama mnanielewa. Mtoto alipewa karatasi yenye swali la mtihani, akalisoma kabla hajajua ni nini. Jumatatu akalikuta mbele yake, akajua limetoka kwangu, na akaliacha tupu kwa kuwa lilikuwa si halali yake. Na sasa alikuwa anasimama pale anaitwa mwizi, anasema uongo wa kwanza maishani mwake, ili mimi nisiulizwe. Na mimi jana nilimshuku.

"Karani, mbona huandiki?" akauliza mama mkuu.

Nikajikuta nimesimama, daftari limeanguka. Mdomo wangu siku zote hauna breki, siku hiyo ulikuwa mzito kama umebanwa stepla.

"Swali la tisa nilimpa mimi," nikasema. "Kwa mkono wangu. Bila kujua, lakini nilimpa mimi."

Nikaeleza yote, mashine, karatasi nyeusi, boksi, kila Alhamisi. Rula alikuwa amekunja uso, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kutazama ile karatasi ya majibu badala ya kunitazama mimi. Nilipomaliza, mama mkuu akamwuliza Mbona ile karatasi iko wapi. Akafungua mkebe wake. Ilikuwemo, imekunjwa mara nne, chini ya bikari. Rula akaikunjua mezani. Juu weusi, chini swali la tisa, na nyuma yake peupe. Hakuwa ameandika hata nukta.

"Mbona hukuileta kwangu?" akauliza Rula, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Mngemfukuza," akasema mtoto. "Na shule nzima anayenipa karatasi ni yeye peke yake."

Baba yake akatoa mikono katikati ya magoti, akajifuta uso na ile grisi yake. Mimi nililia bila kitunguu safari hii, tena kwa kwikwi.

Rula ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua chaki kwenye trei ya mama mkuu, akamnyooshea mtoto, akamwonyesha ubao mdogo wa ratiba ukutani. "Lijibu."

Alilijibu kabla sijapata leso kwenye mkoba. Rula akausoma ubao, akausoma tena toka juu, akakaa chini. Kisha akamgeukia yule fundi baiskeli. "Mzee, mwanao hakuiba," akasema. "Nilikosea mimi."

Mimi sikuachwa hivihivi, na ni haki. Nilipewa barua ya onyo kali, na kwa kuwa shule nzima mchapaji ni mimi, niliichapa mwenyewe. Nakala tatu. Nilikosea hata cheo changu, nikairudia. Ilisema kwamba boksi liondolewe, kwamba karatasi zote za mtihani zichomwe mbele ya shahidi, na kwamba mchapaji asimpe tena mwanafunzi yeyote karatasi yoyote bila kibali cha maandishi. Nikaweka sahihi, nikaipiga mhuri, nikaipeleka kwenye faili langu. Mume wangu aliposikia hakusema nilikwambia. Alisema tu kula, chakula kinapoa.

Wiki iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Mbona alikuwa darasani na kidato cha tatu, na mimi nilikuwa nachapa na dirisha kimya, kila dakika nanyanyua kichwa. Nilikuwa na hofu bado. Je, kule nako wakimchoka? Je, wakubwa wale wakimcheka?

Alhamisi akaja. Alishika kibali cha maandishi, chenye sahihi ya mama mkuu, ombi la mwalimu mgeni, na chini kabisa, kwa mwandiko ulionyooka, jina la Rula kama shahidi. Karani ampe mwanafunzi huyu bunda moja la karatasi. Mpya.

Nikafungua kabati, nikamtolea. Alikichana kifuniko chake pale pale kwenye kaunta, akachomoa karatasi ya juu. Akaitazama mbele. Akaigeuza. Akaigeuza tena, anatafuta.

"Mama," akaniuliza, "naanzia upande upi?"